Ndala Zangu Zilikatikia Nyari

Kosa langu la kwanza lilikuwa ndala. Mtu wa Malindi mjini akisikia Marafa, kijiji chenye korongo la minara ya mchanga, hudhani anakwenda shambani kwa shangazi yake, basi huvaa kilicho karibu na mlango.

Tulitoka baada ya Adhuhuri, mimi na binamu yangu, kwa pikipiki yake. Tukavuka daraja la Sabaki, maji chini mekundu kama chai ya rangi, tukaipita Mambrui. Gongoni nikamwomba apinde kwanza upande wa bahari, maana kila nikienda Garsen huishia kuyatazama mabwawa ya chumvi kwa mbali tu.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Maji ya bahari huvutwa kwa pampu mpaka kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina, yakahamishwa bwawa hadi bwawa, jua likiyanywa. Yakishakuwa mazito, chumvi hushika chini kama ukoko wa wali, nayo hukwanguliwa na kurundikwa. Jua lile, na weupe ule, hata kufumbua macho ni shida. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti juu ya malalamiko ya watu wa Magarini, eneo lenye mabwawa haya, kuhusu uzalishaji huu: ardhi, maji na hali ya vibarua. Hatukukaa sana.

Marafa tulifika jua limeanza kulegea. Aliyetuongoza ni mzee wa Kigiriama, peku, fimbo mkononi.

"Mwanangu, na hizo ndala?"

"Zitafika, baba."

Akanyamaza.

Ukisimama juu ukingoni, ardhi imeachama ghafla mbele yako. Chini kuna minara ya mchanga ulioshikana, mingine imechongoka kama vichuguu, tabaka juu ya tabaka: nyeupe, waridi, rangi ya chungwa, halafu ile tunayoiita damu ya mzee. Watalii wanapaita Jiko la Jehanamu. Wenyeji wanapaita Nyari, mahali palipojivunja penyewe. Mimi nashika la wenyeji, maana limesema kweli: huku hakuna aliyechimba. Ni mvua na upepo vinavyokula jiwe laini, na kila masika ukingo unazidi kumeguka.

Tukateremka. Joto la mle ndani halina mfano, upepo unabaki juu. Mzee akatusimulia habari za ukoo uliotajirika mpaka ukawa unaoga maziwa, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Nyeupe ndiyo maziwa yao, nyekundu ndiyo damu. Binamu yangu akauliza hao ng'ombe walikuwa wangapi. Mzee alimtazama kwa huruma.

Hatukwenda mbali, ndala ya kulia ikang'oka kishikio. Nikakanyaga mchanga, nikaruka kama niliyekanyaga kaango. Mzee akaichukua, akachuchumaa kivulini, akairudisha kamba tunduni na kuipitishia kijiti kwa chini ili isichomoke tena. Ndipo nikaziona nyayo zake. Visigino vimepasuka mistari mirefu, myeupe, kama udongo wa bwawa lililokauka.

"Chumvi," akasema kabla sijauliza. Ujanani alifanya kibarua Gongoni. Buti za mpira hazikutosha watu wote, na aliyechelewa aliingia bwawani hivyo hivyo. "Mkwaruzo mdogo tu, chumvi inaufungua kila siku." Akanirushia ndala yangu. "Huku mchanga unachoma, lakini hauli."

Tulipokuwa tukipanda kutoka, nilipitisha kidole kwenye ukuta mweupe, nikakilamba. Sijui nilitarajia nini.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Hauna ladha, baba."

Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Basi hayo maziwa yameshachacha zamani," akasema, akatutangulia juu.