Ekari moja kwenye simu, ekari sita shambani

Nalima pamba ekari nne na mahindi mbili huku Iramba, Singida. Agosti 8, 2022, Rais Samia alipozindua mbolea ya ruzuku kwenye Nane Nane kule Mbeya, nilikuwa nang'oa maotea, yale mashina ya pamba ya msimu uliopita, redio nimeitundika kwenye mti. Septemba 15 ndiyo mwisho wa kung'oa na kuchoma, na mimi kazi ilikuwa bado. Nikasikia mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50, uliokuwa umepita 120,000, sasa ni 70,000. Nikasema na mimi natia kwenye pamba. Jirani alicheka sana. Kwetu pamba hutiwa samadi, tena ukiwa na ng'ombe.

Wengi walidhani ruzuku ni hela itakayoingia kwenye simu. Sivyo. Msimu ule wewe ulikuwa unalipa hiyo 70,000, kinachobaki serikali inamalizana na kampuni za mbolea. Lakini ilikuwa lazima uwe umesajiliwa kijijini, kisha unatumiwa namba yako kwa meseji ya simu.

Nilijisajili mapema. Laini yangu ilikuwa imefungiwa, kwa hiyo nikampa mwandikishaji namba ya mtoto wa kaka yangu anayefanya kazi Dodoma mjini. Hapo nilijipalia makaa.

Mvua zikaanza. Nikaenda kwa wakala wa mbolea Kiomboi, akabonyeza, akanigeuzia simu nione mwenyewe: ekari 1.

"Mzee, hapa unapata mfuko mmoja tu. Na huo nao, nipe namba uliyotumiwa."

Nikampigia kijana.

"Baba mdogo, ile meseji? Niliifuta. Nilijua matapeli."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Usiku ule sikulala vizuri, nasikia mvua inapiga bati na mbegu ya pamba ipo uvunguni, ambayo nilichukua kwa mkopo wa chama cha msingi na nitakatwa tu nikiuza, niwe nimevuna nyingi au kidogo.

Kesho yake sikwenda kugombana na mtu. Nilimfuata afisa ugani, nikamwomba aje shambani. Tulipima kwa hatua, sabini kwa sabini ndiyo ekari, yeye anahesabu kwa sauti, mimi nachomeka vijiti. Zikatoka sita na kipande. Akaandika, mtendaji akagonga muhuri, taarifa ikarekebishwa.

Kazi ikabaki kwenye laini, kuisajili upya kwa alama za vidole ili meseji ije kwangu. Nilikuwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ila vidole viligoma. Jembe limekula ngozi yote. Gumba mara tatu, hakisomi. Dada wa laini akanipa kitambaa chenye maji, nikafuta, bado. Tukapita kidole kimoja kimoja kama mtu anayehesabu deni, mpaka cha kati cha mkono wa kushoto kikakubali. Watu kwenye foleni wakapiga makofi.

Siku ya tano meseji ikaingia kwangu mwenyewe. Wakala akapiga picha ile alama ya mraba iliyo kwenye kila mfuko, nikalipa 280,000 kwa mifuko minne. Sita ilinishinda, hela yangu ilikuwa imeishia hapo. Bodaboda akaibeba kwa safari mbili. Miwili nikatia kwenye mahindi, miwili kwenye pamba ya upande wa barabarani, makusudi, jirani aione akipita.

Namba yangu nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa ghala, chini ya hesabu ya magunia ya mwaka juzi.