Nilivyowapiga picha shomoro na kwenzi baridi ikielekea ukingoni

Wapiga picha wengi wa ndege huhangaikia ndege adimu. Mimi nawapenda shomoro, kwenzi, njiwa na kunguru, hasa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla miti haijachipua. Hakuna jani la kumficha ndege, na jua bado linapita chini, hivyo hata saa sita mchana mwanga humpata ubavuni, si utosini.

Safari hii nilimtaka shomoro dume anayebadilika. Manyoya mapya yanapoota kabla ya baridi, weusi wa koo na kifua chake hufunikwa na ncha za kijivu. Ncha hizo husagika polepole, na kufikia mwisho wa baridi weusi huanza kuchungulia. Hanyonyoki wala haoti manyoya mengine. Anang'aa kwa kuchakaa, jambo ambalo bado linanistaajabisha.

Sikuwafuata. Nilichagua kichaka wanachokishindia, jua likiwa mgongoni kwangu, nikaketi chini kabisa ili lenzi iwe usawa wa macho yao wanaposhuka kudonoa. Walitimka wote kwa mpigo, lakini shomoro hawahami kichaka chao ovyo. Nilipotulia walirudi mmoja mmoja.

Kasi ya shata, yaani kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, sikuishusha chini ya 1/1000 ya sekunde, maana shomoro hata akitua kichwa chake hakitulii. ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga, niliiacha ipande. Chengachenga inazoleta kwenye picha nazivumilia, jicho lenye ukungu silivumilii kamwe. Palipokuwa na theluji niliongeza mwangaza hatua moja, kwa sababu kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi na kuifanya theluji kuwa ya kijivu. Kwa kunguru aliyejaa kwenye fremu nilipunguza, ili weusi wake ubaki weusi.

Betri ya akiba ilikaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi huzifisha betri upesi. Na kabla ya kuingia penye joto niliifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, unyevu utue juu ya mfuko badala ya kwenye lenzi.

Dume niliyemtaka alitua kwenye kijiti kikavu, akajikung'uta, akavimba. Kifua kilikuwa nusu majivu, nusu mkaa, na kila unyoya bado una ukingo mwembamba uliofifia. Nilibonyeza mfululizo mpaka akaruka.

Kwenzi alinipa zaidi ya nilivyotarajia. Madoa yake meupe nayo ni ncha za manyoya zinazosagika vivyo hivyo, na mdomo wake, uliokuwa mweusi, ulikuwa umeshageuka njano. Nilipoikuza picha kwenye kompyuta niliona shina la mdomo lina rangi ya buluu. Jike lingekuwa na waridi hapo. Huyu alikuwa dume.