"Ufalme wako uje": kinachokuja ni nini?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na neno moja tu la Sala ya Bwana: ufalme. Tangu utotoni nimeliomba nikiwaza mahali, mji wenye malango ya lulu tutakaouingia siku moja. Lugha yetu yenyewe ilinivuta huko, maana ile u- ya mwanzo ndiyo ya Uganda na Ufaransa. Lakini ndiyo pia ya umama na uzee, na hakuna anayefunga safari kwenda umama. Basileia, neno la Kigiriki lililomo katika Injili, mara nyingi huelemea upande huu wa pili: kule kuwa mfalme, kutawala kwenyewe. Zipo sehemu linapotaja nchi, kama Mathayo 4:8, Ibilisi anapomwonyesha Yesu "milki zote za ulimwengu". Ila tunaomba "uje", na nchi haiji. Utawala ndio unaokuja.

Luka 19:12 ndiyo iliyonifungua macho. Katika mfano anaousimulia Yesu hapo, kabaila anasafiri nchi ya mbali "ili ajipatie ufalme na kurudi". Miaka yote nimeupita mstari huu mbio nikiwahi yale mafungu kumi ya fedha. Angekuwa anatafuta nchi, mbona anaiacha nyuma?

Waliomsikiliza Yesu hawakuhitaji kuuliza. Mwaka 40 K.K. Herode Mkuu alikuwa Roma, na Seneti ikamtangaza mfalme wa Wayahudi huku Yerusalemu ikiwa mikononi mwa mpinzani wake, Antigono. Basileia alikuwa nayo. Mji hakuuteka hadi mwaka 37. Alipokufa, mwanawe Arkelao naye alikwenda kwa Kaisari Augusto kuomba ufalme, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba Wayahudi 50 walitumwa huko kumpinga. Yesu alisimulia mfano huu katika safari iliyopitia Yeriko, ambako Arkelao alikuwa amejenga upya jumba la kifalme. Hamsifu Arkelao hata kidogo. Anachukua jambo ambalo watu walilijua na kulionja.

Sasa someni mstari wa 14: "Hatumtaki huyu atutawale." Katika Kigiriki, hilo "atutawale" limetoka shina moja na basileia. Na wanaolisema ni watu wa mji wake! Hawako nje wakibisha hodi. Wamo ndani, wanakula na kulala humo, wanachokataa ni yeye kuwatawala.

Hapo ndipo Neno liliponikamata. Mimi ni wa kanisani tangu kuzaliwa, sikosi ibada wala kwaya. Lakini kuna kiwanja alichotuachia marehemu baba, na kwa ajili yake sijasema na kaka yangu tangu mwaka jana. Nimesamehe watu wengi, yeye nimemweka kando, na kila nikiguswa juu yake nina sababu zangu tayari. Kila Jumapili nasema "ufalme wako uje" kwa sauti kuu, na penye kile kiwanja natawala mimi.

Jumatano usiku nilifika kwenye maneno hayo nikashindwa kuendelea na sala. Asubuhi nikampigia kaka simu. Hakupokea. Nimemtumia ujumbe kwamba Jumamosi nitakwenda kwake, akinifungulia mlango au asinifungulie.

Niombeeni.