Nilivyosaini mkataba wa usiri bila kufungwa mdomo

Mwaka 2018 nilikuwa nasimamia ghala la baridi karibu na Dover, Uingereza. Sehemu ya maua ya Kenya hupitia kwanza mnada wa Uholanzi, kisha hupakiwa kwenye malori na kuvushwa hadi huku. Uingereza ilipanga kutoka Umoja wa Ulaya tarehe 29 Machi 2019, na sisi tulitaka kujua jambo moja: ikiondoka bila makubaliano, lori litakaguliwa wapi?

Idara moja ya serikali ikatuita kikaoni. Kabla ya kikao tukaletewa mkataba wa kutunza siri, kurasa tano. Hatukuwa peke yetu. Kampuni za dawa na vyama vya wafanyabiashara navyo vilisainishwa. Kifungu cha pili kilisema "taarifa zote" ni siri, wala hakikutaja mwisho. Nilikipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Yaani nikiambiwa hati atakayodaiwa dereva, dereva mwenyewe nisimwambie!

Sikukataa. Ukikataa unabaki nje, na walio ndani ndio wanaopanga foleni ya malori. Nilimlipa mwanasheria saa mbili, tukaomba mambo matatu: kilichokwisha kutangazwa kisiitwe siri, niruhusiwe kuwaeleza wafanyakazi wanaohusika, na usiri ukome baada ya mwaka mmoja. Mawili ya kwanza walikubali. Mwaka wakaufanya miwili. Nikasaini.

Kilichoniokoa baada ya hapo ni daftari. Kila ukurasa niliugawa kwa rula: kushoto ya hadharani, kulia ya siri. Serikali ilikuwa imeanza kutoa notisi zake za kujiandaa kutoka bila makubaliano tarehe 23 Agosti 2018, na kila notisi mpya ilipotoka nililifungua daftari, nikahamisha kilichotajwa.

Kuficha bei za kampuni nakuelewa. Kumficha mtu hati atakayoulizwa saa nane usiku bandarini, hilo liliniuma na bado linaniuma. Mteja wangu wa Naivasha alikuwa akipiga simu karibu kila wiki: "Dada, mzigo wangu utapita?" Nilimjibu kwa yale ya kushoto tu, na nilimwambia wazi kwamba mengine nimefungwa nisiyaseme. Hakukasirika. Aliuliza tena wiki iliyofuata.

Jambo la mahali pa kukagulia maua lilipotangazwa hatimaye, nilimpigia nikiwa bado nimevaa koti la ghalani.