Kabla hujanunua sensa ya oksijeni ya Corolla yako

Taa ya injini ikiwaka, gari likapelekwa kupimwa na mashine ikaonyesha kodi (namba ya hitilafu) inayotaja oksijeni, ushauri unaotolewa haraka ni kubadilisha sensa. Spea inanunuliwa, inafungwa, na wiki haijaisha taa inawaka tena. Sababu ni kwamba sensa ya oksijeni ni shahidi. Inaeleza ilichokiona ndani ya ekzosi, na mara nyingi inachokieleza ni kweli. Inafaa kubadilishwa pale tu ilipothibitika kwamba yenyewe ndiyo iliyokufa.

Hapa nazungumzia Toyota Corolla za aina mbili zilizojaa barabarani Tanzania na Kenya: AE110 yenye injini ya 5A-FE, na NZE121 yenye 1NZ-FE. Vitz, IST na Probox za 1NZ-FE zinafuata mpangilio uleule wa NZE121.

Ndani ya sensa kuna kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kauri unaguswa na moshi wa ekzosi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo ndiyo inayozalisha umeme mdogo: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu volti 0.1 hewa ikizidi. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni volti 0.45, ambapo petroli gramu 1 inachomwa na hewa gramu 14.7. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) inasoma umeme huo na kuongeza au kupunguza muda wa nozeli (kinachopulizia petroli) kufunguka, muda wote injini ikiwa imepata moto. Kauri haifanyi kazi mpaka ifikie nyuzi joto 300 hivi, na ndiyo maana sensa nyingi zina hita ndani. Sensa yenye waya mmoja au mbili haina hita. Yenye waya tatu au nne inayo.

Tofautisha kodi. P0135 inasema hita ya sensa ya mbele, iliyo karibu na injini, ina hitilafu, P0141 inasema hita ya sensa ya nyuma, iliyo mbali zaidi kwenye ekzosi. Hizo zinaelekeza kwenye sensa yenyewe, waya zake au fyuzi. P0133 inasema sensa ya mbele inajibu polepole, na hapo uzee wa sensa ni mshukiwa halali. Lakini P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi, na P0172 inasema una mafuta mengi. Hizo mbili ni ushahidi wa sensa inayofanya kazi. Ukiona P0171 tafuta mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya throtoli, kipimo cha hewa kilichochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Ukiona P0172 tafuta nozeli inayovuja au presha ya mafuta iliyozidi.

Kuna mambo matatu yanayosingizia sensa mara nyingi sana. La kwanza ni themostati iliyotolewa, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, wapo wanaoitoa na kuitupa kama dawa ya joto. Themostati ya Toyota hizi hufunguka kwenye nyuzi joto 80 na kidogo, na bila hiyo injini huchelewa kupata moto au haipati kabisa ikiwa barabara kuu. Kontroli boksi inaona maji ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, masizi yanajaa kwenye sensa, na mwenye gari analalamika kwamba linakunywa mafuta. La pili ni silinda isiyowaka vizuri kwa sababu ya plagi au koili. Petroli isiyoungua hutoka pamoja na oksijeni ambayo haikutumika, sensa inaona oksijeni nyingi, na kontroli boksi inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari ina mafuta ya kutosha. La tatu ni ekzosi inayovuja kabla ya sensa, kwenye gasketi au ufa wa manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote). Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hufyonzwa ndani. Sikiliza asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukisikia mlio wa "tsi tsi tsi" unaotulia injini ikipata moto, ziba huko kwanza.

Kusoma kodi bila mashine inawezekana. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, kituo kifupi, mara moja: hiyo ni 21, kodi ya sensa ya oksijeni. Kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi ya NZE121, pini zinazofanya kazi hiyo ni 4 na 13. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, kwa sababu pini 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Vifaa vidogo vya bluetooth vya bei rahisi wakati mwingine hukataa kuongea na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hivyo usihukumu kontroli boksi kwa sababu simu imekataa kuunganika.

Sasa sensa iko wapi? Kwenye AE110 manifoldi ya ekzosi iko mbele ya injini, upande wa rejeta. Fungua boneti, tazama bati la kuzuia joto, utaona sensa imetokeza na waya wake. Kazi yake ni rahisi. Kwenye NZE121 mambo yamegeuzwa: manifoldi ya plastiki ya kuingiza hewa ndiyo iko mbele, na ekzosi iko nyuma, kati ya injini na ukuta wa kabini. Sensa ya mbele imefungwa huko nyuma, kabla ya masega (kisafisha moshi, catalytic converter). Gari likiwa na sensa ya pili, iko chini ya gari baada ya masega, na kwenye Toyota nyingi waya wake hupita kwenye tundu la sakafu lenye raba na kuungana ndani ya gari, chini ya zulia. Watu hukata waya huu kwa kukosa kujua kiunganishi kilipo.

Sensa ya nyuma kazi yake kubwa ni kukagua masega. Masega yakiwa yametolewa na kuuzwa, ambayo ni kawaida mno kwa magari yaliyokwisha zunguka gereji kadhaa, kodi ya P0420, inayolalamikia masega, itarudi hata ukifunga sensa mpya kumi.

Kupima hita ni kazi ya dakika tano. Chomoa kiunganishi injini ikiwa ya baridi, weka maltimita kwenye ohmu, pima waya mbili za rangi moja upande wa sensa. Kwa sensa za Denso, ambazo ndizo zilizokuja na magari haya, waya mbili nyeusi ni za hita, wa bluu ni wa ishara na mweupe ni wa ardhi. Kwa Bosch na NTK, waya mbili nyeupe ni za hita, mweusi ni ishara, wa kijivu ni ardhi. Hita nzima ya sensa ya kawaida ya Toyota hupima ohmu 11 hadi 16. Maltimita isipoonyesha chochote, hita imekatika na sensa ni ya kubadilishwa. Hita ikiwa nzima, washa injini na pima upande wa gari: waya mmoja lazima uwe na volti 12 hivi. Zikikosekana, anza na fyuzi na rilei ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme).

Ishara hupimwa kiunganishi kikiwa kimefungwa, kwa kupenyeza sindano ya maltimita nyuma yake bila kutoboa waya. Injini ikiwa ya moto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika moja na nusu au mbili, kisha tazama. Volti inatakiwa ipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, walau mara nane ndani ya sekunde 10. Ikiganda chini, usiihukumu bado. Puliza kidogo kimiminika cha kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa. Ikiruka mara moja hadi 0.8 au zaidi, sensa ni hai na injini ndiyo yenye hewa nyingi. Ikibaki imelala, imekufa.

Angalizo moja kubwa: baadhi ya Toyota za miaka ya 2000 zina sensa ya aina nyingine mbele, ya uwiano wa hewa na mafuta. Kwa macho zinafanana kabisa. Ila hiyo haipandi na kushuka, waya zake za ishara hukaa karibu na volti 3, na hita yake hupima ohmu chache tu, chini ya 4. Namba ya Toyota ndiyo inayozitofautisha: 89465 mwanzoni ni sensa ya oksijeni, 89467 ni ya uwiano. Haziingiliani. Ukifunga moja mahali pa nyingine gari litawaka, lakini halitarekebisha mafuta ipasavyo.

Kwa hiyo ukienda dukani, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani au namba kamili ya chesisi. Neno "ya Corolla" halitoshi. Chukua yenye kiunganishi chake cha asili. Zile za kuunganisha waya hufanya kazi, lakini hewa ya nje ambayo kauri inailinganisha hupita ndani ya waya zenyewe, kati ya nyuzi za shaba. Ukilehemu kwa risasi unaiziba. Kama hakuna njia nyingine, tumia viungio vya kubana, mbali na manifoldi. Kwa sababu hiyohiyo, usipake grisi wala kupuliza kisafishio ndani ya kiunganishi. Sensa iliyotumika siinunui: huwezi kujua ilivuta moshi wa injini gani, na kifaa hiki huisha kwa matumizi. Yenye hita huhesabiwa kilomita 100,000 hivi, isiyo na hita hata nusu ya hapo.

Usiku wa kuamkia kazi, puliza WD-40 kwenye shingo ya sensa injini ikiwa imepoa. Usiipulize kwenye manifoldi yenye moto, inawaka. Asubuhi washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, chuma kitanuke kidogo, kisha zima na utoe waya hasi wa betri. Fungua bati la joto taratibu, maana bolti zake hukatika kwa kutu. Chomoa kiunganishi. Sensa ya kuzungusha hufunguliwa kwa spana ya mm 22. Boksi spana yenye mpasuo wa kupitisha waya ndiyo bora, hasa nyuma ya injini ya NZE121 ambako mkono unapita kwa shida. Kama umeshathibitisha sensa imekufa, kata waya utumie ringi spana, inashika vizuri kuliko spana ya mdomo. Toyota nyingine za miaka ya 1990 zina sensa yenye kitako kinachoshikwa na nati mbili. Hapo tumia boksi ya mm 12, na ununue gasketi mpya.

Ikianza kuzunguka halafu ikakaza tena katikati, usilazimishe. Irudishe ndani kidogo, ongeza WD-40, subiri, toa tena robo mzunguko. Kulazimisha ndiko kunakotoka na nyuzi za manifoldi. Zikiharibika, zipitishe tepu (kifaa cha kuchonga nyuzi) ya M18 x 1.5, na vumbi la chuma uliondoe kabla ya kufunga.

Itazame sensa ya zamani kabla hujaitupa. Masizi meusi makavu maana yake mafuta yalizidi. Ukungu mweupe kama chokaa unatokana na kulanti (maji ya rejeta) inayovuja ndani au gundi ya silikoni iliyotumika ovyo kwenye gasketi, na mvuke wa silikoni huiua sensa kabisa. Utando wa kahawia wenye mafuta ni oili inayoungua. Usipoondoa chanzo, mpya itakuwa hivyohivyo. Kuiosha ya zamani kwa petroli au kuichoma kwa gesi hakuifufui, na moto wa ghafla hupasua kauri.

Mpya ishike mwilini, usiguse ncha. Ikidondoka sakafuni, ihesabu imeharibika. Nyingi huja zimepakwa grisi ya kuzuia kutu kwenye nyuzi. Kama haipo paka kidogo, ncha isiguswe. Izungushe kwa vidole mpaka ikae, kisha kaza Nm 44, au Nm 20 kwa nati za kitako. Kama huna toki renchi, sensa ikiwa na washa (pete ya kuziba) mpya, ongeza kama nusu mzunguko baada ya vidole kugota. Waya upite njia yake ya zamani, ufungwe kwenye vishikizo vyake, na uwe na ulegevu kwa sababu injini hutikisika. Waya ukilalia manifoldi utayeyuka, utaunguza fyuzi ya EFI na gari litazimika njiani.

Rudisha betri, futa kodi, washa. Moshi kidogo wa WD-40 ni kawaida. Endesha kilomita 100 hivi, mjini na barabara kuu, kisha soma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim) kwenye mashine. Yakiwa kati ya −10 na +10 kwa mia, kazi imekaa sawa. Yakibaki juu ya hapo, sensa mpya iache ilipo na urudi kwenye mipira ya hewa, kipimo cha hewa na presha ya mafuta.