Kumwita bweha kwenye shamba la ekari tatu

Shamba letu liko nje kidogo ya mji wa Nachingwea, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Ni ekari tatu tu: mikorosho, karanga, mihogo kidogo, na upande wa mashariki kuna korongo lenye vichaka ambalo ndilo mpaka wetu na jirani. Bweha hulala mle korongoni. Usiku hupanda kutafuta panya, wadudu na matunda yaliyodondoka, na akikuta banda la kuku limelegea hapiti hivihivi.

Vijana wanaotaka kujifunza kumwita, yaani kumvuta ajitokeze kwa kuiga mlio wa windo lake, huanza kwa kuniuliza habari za mlio. Mlio ndiyo sehemu nyepesi. Babu alinifundisha nikiwa bado nachunga mbuzi: unabana midomo nyuma ya kiganja, unavuta hewa kidogokidogo, inatoka sauti ya sungura aliyenaswa. Kazi yenyewe ni kujua pa kukaa, na kwenye shamba dogo pa kukaa ni pachache mno.

Chukua shamba letu. Miezi ya kusi upepo unatoka kusini mashariki, yaani unapita korongoni kabla ya kutufikia. Kwa hiyo nakaa magharibi, chini ya mkorosho wa mwisho, mgongo kwenye shina, upepo usoni. Lakini bweha haji moja kwa moja. Akisikia mlio huzunguka mpaka afike upande unakoelekea upepo, anuse kwanza nani analia. Ndiyo maana nyuma yangu nataka pawe peupe, na baada ya karanga kung'olewa panakuwa peupe kweli, mbalamwezi ikiwepo unamwona tangu mbali. Kaskazi ikianza mambo yote yanageuka, na shamba lilelile halina tena mahali pa kukaa. Miezi hiyo siiti.

Wawindaji wa Marekani wanamwita koyote, mnyama wa ukoo mmoja na bweha, kwa mlio huohuo wa sungura, wengine kwa spika. Koyote naye huzunguka kutafuta harufu, na aliyeshtuliwa na spika mara moja hujifunza. Nami spika ya simu siitaki. Shambani kwangu bweha anaweza kuwa hatua hamsini tu kutoka nilipo. Ukipiga kelele ya kusikika mpaka barabarani umemfukuza, na umeamsha mbwa wa kijiji kizima. Naanza chini kabisa, kama nusu dakika, nanyamaza dakika kadhaa, narudia kwa nguvu kidogo. Zikipita dakika ishirini bila kitu, naondoka taratibu na mahali pale napaacha wiki nyingi.

Kabla ya yote hayo nakwenda kwa jirani wa ng'ambo ya korongo. Nampa shikamoo, namweleza usiku gani nitakuwepo na nitakaa wapi. Ni mzee, hulala kibandani kulinda mihogo yake isiliwe na nguruwe pori, na mwenye gobore akiona kivuli gizani hapaswi kubahatisha ni nani. Mimi bunduki sibebi. Mnyamapori ni mali ya umma hata akiwa ndani ya shamba lako; Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi kwamba kuwinda ni kwa kibali, na anayesumbuliwa njia yake ni kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Hata kibali kingekuwepo, kwenye ekari tatu kila upande unaoelekeza mtutu kuna nyumba ya mtu.

Basi namwita wa nini? Nimjue. Bweha wetu wa kusini ni yule mwenye mstari hafifu ubavuni na ncha nyeupe ya mkia, na mara nyingi hutembea na mwenzake. Nikimwona anapotokea, najua anapita wapi na banda lizibwe upande gani. Pia najua kama ni yeye kweli. Kuku wakiliwa kila mtu husema bweha, kumbe usiku kuna fungo, kuna kanu, kuna kicheche. Jirani mwingine alipoteza kuku mfululizo, tukakaa pamoja usiku, akatoka kanu juu ya paa la makuti. Bweha hapandi paa. Jirani angetega sumu chini, wangekufa mbwa wake mwenyewe, na tai waliokula mizoga, na kanu angeendelea kula kuku. Sumu kwenye nyama naichukia kwa moyo wangu wote. Haichagui, na watoto wetu wanacheza humohumo.

Liko jambo moja ambalo kila anayetaka kuita lazima alijue. Huku Lindi na Mtwara bweha hupata kichaa cha mbwa. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huo katika mikoa hii miwili kati ya 2011 na 2019 walikuta sehemu kubwa ya wanyama waliougua ni bweha. Bweha asiye mgonjwa humwogopa mtu. Akija mchana kweupe, au akaja moja kwa moja bila kujali harufu yako, simama, washa tochi, piga kelele, ondoka. Usiite hata mara moja zaidi. Aking'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Na mbwa wa nyumbani wapelekwe kila zoezi la chanjo linapotangazwa. Mbwa wangu wote wamechanjwa, na nisingethubutu kuita usiku kama wasingekuwa wamechanjwa.

Mabibo yakianza kuanguka naacha kabisa. Bweha huja mwenyewe kuyaokota, hakuna haja ya kumdanganya, na akina mama na watoto wanaingia chini ya mikorosho kuokota korosho kabla jua halijachomoza. Sitaki mnyama yeyote azoee kufuata mlio mahali ambapo mtoto ameinama gizani na ndoo yake.