San Andreas: misheni za pembeni ukiwa na nusu saa tu kibandani

Kwenye vibanda vya gemu vya Ngarenaro na Kaloleni hapa Arusha, na kule Moshi upande wa Majengo, GTA San Andreas ya mwaka 2004 bado ina foleni. Wengi wakishika padi hufuata hadithi ya CJ, mhusika mkuu unayemchezesha, au huingiza kodi (zile "cheat" za siri za kudanganyia gemu) na kuanza fujo mtaani. Misheni za pembeni zinaachwa kwa sababu zinaonekana kama za kula muda uliolipiwa. Hizo hizo ndizo zinazokupa uhai mrefu, kinga ya moto na silaha za bure, na ukiwa navyo hadithi yenyewe inakuwa laini. Kinachotakiwa ni kujua ipi unaweza kuikatisha ukaendelea nayo kesho, na ipi haikubali kukatishwa.

Teksi, michoro 100 ya ukutani mjini Los Santos, viatu 50 vya farasi mjini Las Venturas, chaza 50 wa majini, majaribio ya shule ya udereva na safari 8 za malori ya kampuni ya RS Haul, zote zinakumbuka ulipofikia. Fanya kidogo, sevu, nenda zako. Ambulansi, zimamoto na msako wa wahalifu kwa gari la polisi zina roho nyingine kabisa: levo 12 kwa mkupuo mmoja. Ukifa, ukikamatwa, muda ukikuishia au umeme ukikatika ukiwa levo ya 11, unaanza tena levo ya 1. Kusevu katikati hakuna. Kwa hiyo mwenye nusu saa asiguse kundi hili la pili. Lipia saa nzima au zaidi, na usianze siku ambayo umeme unacheza cheza tangu asubuhi.

Kabla ya kuanza, kagua padi. Misheni za kwenye magari huanza kwa kubonyeza R3, yaani kijiti cha kulia kikisukumwa ndani, na R3 hiyo hiyo ndiyo inayozifuta. Padi za vibandani vijiti vyake vimechoka. Ukikandamiza kwa nguvu wakati unageuza kamera, kazi yote inafutika bila kuulizwa. Jaribu kijiti kwanza kwenye gari lolote. Kikiwa kinabonyea chenyewe, omba padi nyingine.

Anza na ambulansi, na mahali pake ni Angel Pine, kale kamji kadogo chini ya Mlima Chiliad ambako hadithi inakutupa baada ya misheni ya The Green Sabre. Los Santos ina foleni za magari na wagonjwa wanatokea mbali mbali. Angel Pine barabara ni chache, ambulansi inakaa pale pale kituo cha afya, na trela la kusevia liko jirani. Sevu hapo kwanza, kisha panda gari ubonyeze R3.

Idadi ya wagonjwa inafuata levo: mmoja levo ya 1, wawili levo ya 2, hadi 12. Jumla ni 78. Gari linabeba watatu kwa safari, kwa hiyo levo ya 12 inahitaji safari nne, na kazi nzima ni safari 30 zisizopungua. Angalia ramani ndogo, wachukue watatu walio upande mmoja, rudi, kisha geukia upande mwingine. Kuokota yeyote aliye karibu bila mpango ndiko kunakowamalizia watu muda kuanzia levo ya 8. Kosa lingine kubwa ni kumgonga mgonjwa mwenyewe. Akikuona anakuja mbio kuelekea gari, na wewe ukiwa bado unatembea unampitia. Simama hatua kadhaa kabla yake, tulia, mwache apande, na usiondoke mpaka aingie kabisa. Gari ni refu na linapinduka kwenye miteremko, na likipinduka litawaka moto. Porini tumia breki mapema. Ukimaliza, mstari wako wa uhai unafika urefu wake wa mwisho, na faida hiyo utaiona kwenye kila misheni ya risasi itakayofuata.

Zimamoto inakupa ngozi isiyoungua. Gari lipo kituo cha Doherty, San Fierro, jirani na gereji ya CJ. Bomba linaelekezwa kwa kijiti cha kulia na maji hutoka kwa kitufe cha duara, kwa hiyo hatari ya R3 hapa ni kubwa kuliko kwingine kote: gusa kijiti kwa wepesi. Usisogee sana kwenye moto. Simama mbali kiasi maji yafike, kwa sababu gari linalowaka hulipuka. Watu wakianza kukimbia huku wanaungua, wazime hao kwanza maana hawatulii sehemu moja.

Msako wa wahalifu uache mwisho. Kwa gari la kawaida la polisi ni mateso tu. Subiri upate medali ya dhahabu kwenye majaribio yote 10 ya shule ya urubani pale uwanja wa ndege wa Verdant Meadows, upewe helikopta ya Hunter, kisha bonyeza R3 ukiwa humo: makombora yanamaliza kila levo kutoka angani. Kifaru cha Rhino nacho kinafaa, kwani gari linalogongana nacho hulipuka. Zawadi yake ni kinga ya mwili inayopanda hadi 150.

Kwa mwenye nusu saa, teksi ndiyo kazi. Abiria 50, si lazima mfululizo, na ukiwatimiza teksi zote zinapata nitro ya kuongeza kasi na zinaruka ukipiga honi kwa L3, yaani kijiti cha kushoto kikisukumwa ndani. Michoro ya ukutani haina saa kabisa. Kopo la rangi likiisha, au ukinyang'anywa ukikamatwa, jingine liko chumbani kwa CJ. Ukitimiza 100, silaha zinatokea nyumbani na vijana wa Grove, genge la CJ, wanabeba bunduki bora zaidi.

Wizi wa majumbani hufanyika saa 20:00 hadi 06:00 za kwenye gemu, kwa gari la mizigo aina ya Boxville, lile jeusi. Dakika moja ya gemu ni sekunde moja ya kwetu, kwa hiyo usiku mzima ni dakika 10. Usikae kusubiri giza: kila ukisevu saa inaruka mbele saa 6. Sevu saa 14:00 za gemu, utatoka nje giza likiwa limeingia. Ndani ya nyumba tembea umeinama, maana kipimo cha kelele kikijaa wenyewe wanaamka. Mali ikifika dola 10,000, CJ anakimbia bila kuchoka.

Kuhusu memori kadi, San Andreas ina nafasi 8 tu za kusevu, na kibandani mtu yeyote anaweza kusevu juu ya yako. Njoo na kadi yako. Kama unatumia ya kibanda, kataa kabisa kuendeleza faili ambalo mwingine ameingiza kodi ya ghasia mtaani. Kodi hiyo haizimiki, na ikishasevishwa utabaki nayo hadi mwisho wa gemu.